Nilivyompeleka Mume Wangu Kwenye Pizza ya Mapatano

Wiki nzima simu yangu haikupoa. Mliosoma Jumamosi iliyopita mmenitukana mpaka matusi yakawaishia, mkaanza kuyarudia. Mama mmoja wa Mpanda kaniambia bora ningezaliwa jiwe. Sawa, mama. Ila subiri nimalize, maana tusi lako bado dogo.

Kwa aliyekosa gazeti: mimi ni Evodia, Mfipa wa Laela, nimeolewa na Mayunga, Msukuma mfugaji, tunakaa Ilemba kule bondeni. Mwezi wa sita, watu wakivuna ulezi, tulikuwa Laela kwa mama, Mayunga kaleta ng'ombe wa mnadani. Alfajiri moja aliingia ndani na shuka limelowa damu. Akasema ng'ombe kazaa vibaya. Nikalifua.

Saa nne asubuhi mdogo wangu Yusto akaokotwa kwenye shamba la baba, kichwa kimepasuliwa kisogoni.

Nilinyamaza miezi minne. Kisha, na hapo ndipo mliponitukania, nikamweleza kaka yangu Adolfu habari ya shuka.

Adolfu hakulia. Alinishika bega. "Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Mlete mjini, mengine niachie mimi."

"Mengine gani, kaka?"

"Tutamuuliza tu. Kisha tunampeleka polisi."

Nikakubali. Vijana aliosema atakuja nao, wapakiaji magunia wanne wa Laela, wote marafiki wa Yusto, hawapandi gari na virungu kwenda kuuliza maswali. Nilijua hilo, na bado nikakubali. Lishikeni hilo kwanza, halafu tuendelee.

Pale Sumbawanga mjini kulikuwa kumefunguliwa mgahawa wa pizza, wiki yake ya kwanza. Adolfu aliuchagua kwa ajili ya mlango wa nyuma, maana gari linaingia uchochoroni mpaka usawa wa jiko bila mtu wa barabarani kuliona. Tangu msiba Adolfu alikuwa akimtia mama shaka juu ya Mayunga, na sasa akamwambia ni mapatano, familia mbili zikae zile, yaliyopita yapite. Mayunga nilimwambia mimi mwenyewe.

"Baba Monika, mama anataka muelewane. Katuita mjini tukale."

Mume wangu alifurahi mpaka akanunua shati. Shati jeupe. Tulipanda mlima na pikipiki, Monika wetu wa miaka sita katikati, mimi nyuma nimelikumbatia lile shati jipya, nikinusa harufu ya dukani na kujiuliza litakuwa na rangi gani jioni.

Kazi yangu ilikuwa sentensi moja. Tukishakula, nimwambie: baba Monika, hebu kalete sweta ya mtoto pale nyuma kwenye pikipiki. Basi.

Lakini kaka yangu alikosea jambo moja. Hajawahi kula pizza maisha yake. Aliwaza ni kama chipsi kuku, kila mtu na sahani yake, kila mtu na mfupa wake.

Ilikuwa Jumapili, baada ya misa. Mama yangu, Cornelia, alikwisha kaa, kitenge cha msiba mabegani. Adolfu pembeni yake, koti limefungwa mpaka shingoni.

"Shikamoo, mama," Mayunga alisema, kainama, macho chini.

"Marahaba," mama aliitikia.

"Shemeji!" Adolfu alimpa mkono na meno yote. "Karibu, karibu. Leo tunakula kizungu."

Mhudumu, binti aitwaye Jenifa, alikuja na karatasi. "Mko watano? Chukueni kubwa moja, inawatosha."

"Lete ndogo tano," Adolfu akasema. "Kila mtu ya kwake."

"Wiki hii ya ufunguzi tunatoa kubwa tu, kaka. Inakuja kwenye ubao, mnakula wote pamoja."

"Pamoja vipi?"

"Kwa mkono. Kila mtu anavuta kipande."

Niliona kaka yangu anameza mate. Nikadhani anauwazia mpango.

"Huna kitu kingine? Wali? Nyama choma?"

"Hapa ni pizza tu, kaka."

Mama aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. "Binti, umesema ubao mmoja?"

"Ndiyo, bibi."

"Lete."

Msomaji wa mbali, nikuambie kitu. Sisi ni Wakatoliki, mama yangu hakosi misa hata akiwa na homa. Lakini ukoo wetu una jambo moja ambalo hata katekista halifanyii mchezo. Mwenye damu ya mtu mkononi hali sahani moja na ndugu wa marehemu, mpaka akiri na atakaswe. Akitia mkono, tumbo litamvimba na mvua haitamkuta hai. Babu yetu mdogo alikufa hivyo. Ndivyo tulivyokuzwa, na mtoto akikuzwa na hofu huzeeka nayo.

Pizza ikaja, pana kama ungo, inafuka moshi.

Mama aliitazama. "Chapati imemwagikiwa mboga. Na ugali uko wapi?"

"Bibi, ndiyo hiyo hiyo, kila kitu kimo," Jenifa akacheka, akaikata kwa kisu chake cha gurudumu, akaenda zake.

Hakuna aliyecheka naye.

"Adolfu, ulisema mapatano," mama akaanza. "Nilikuja sina imani. Sasa naona Mungu kaleta chakula cha kutuamua. Mkwe, kwetu hivi..." Akamweleza ile habari ya ubao mmoja, polepole, kila neno limetimia. "Wewe utatia mkono wa kwanza."

Mayunga hakusogea.

Akatazama ubao. Akatazama magoti yake. Jasho likamtoka juu ya mdomo, na juu huku upepo wa Ufipa unavyokata mwezi wa kumi, mtu hatoki jasho bure.

"Mnaona!" Adolfu alipiga meza. "Mnaona wenyewe! Anaogopa! Mama, si nilikwambia?"

Nilifumba macho. Nikajisemea, basi, ndiye. Nimelala na muuaji wa mdogo wangu miezi minne.

"Naogopa," Mayunga alisema taratibu. "Mama, miaka saba ya ndoa sijawahi kutafuna mbele yako. Kwetu ni aibu kubwa mkwe kula mama mkwe akimwangalia. Unisamehe."

Akavuta kipande. Akakila chote, akiwa amegeuza uso upande kama bwana harusi. Akalamba vidole. Akarudi akakaa wima.

Mama alivuta cha pili, akala. Mimi cha tatu. Sikusikia ladha yoyote. Kwa nini amekula? Muuaji asingekula. Nimefanya nini mimi?

Monika alikuwa keshamaliza chake, kajipaka nyanya mpaka puani.

"Mjomba," akasema, "chako kinapoa."

"Mjomba tumbo linamsumbua, mama," Adolfu akamwambia mtoto.

Mama aliacha kutafuna. "Tangu lini?"

"Tangu jana."

"Jana." Mama aliweka chini ukoko. "Adolfu, tangu tumzike Yusto hujala kwangu. Ugali nakufunikia, asubuhi nawapa mbwa. Unaniambia umekula ghalani na wapakiaji. Nikadhani ni uchungu. Nikakuombea rozari, mwanangu, upate hamu ya kula."

"Mama, acha mambo ya kizamani."

"Kula kipande kimoja."

"Sitaki!"

"Kimoja tu, mwanangu. Nipate usingizi."

Akavuta kipande, akakipeleka mdomoni kwa mwanawe, kama anamlisha mtoto mgonjwa. Adolfu alibana midomo. Mama akasukuma. Jibini ikampaka kidevuni.

Adolfu akampiga mama.

Narudia, maana nami niliona nisiamini. Alimpiga mama yetu kofi la mkono mzima. Kiti kikapinduka, kichwa cha mama kikagonga sakafu, mdomo ukapasuka.

Mayunga aliruka juu ya meza. Sijui alifikaje upande wa pili. Alimkaba Adolfu shingo wakaanguka wote, viti vikavunjika, watu wa meza nyingine wakakimbilia barabarani na watoto wao. Adolfu alipapasa sakafuni akapata chupa ya soda, akaipasua ukutani, akamkata Mayunga kutoka sikioni mpaka taya.

Lile shati jeupe lilipata rangi yake.

"Umemuua mdogo wangu!" Adolfu alikuwa anapiga kelele. "Msukuma mshenzi, umemuua mdogo wangu, na leo unaniua mimi!"

Mayunga alichota pilipili kwenye bakuli akampaka machoni. Akamshika nywele, akamgonga uso kwenye ubao wa pizza. Mara moja. Mara ya pili. Jino likatoka likateleza kwenye mafuta. Mpishi alitoka jikoni na koleo lake refu la kuingizia pizza kwenye tanuri, akaona mtu kalaliwa anapigwa, akafanya ambacho wengi wangefanya: akamtandika aliye juu. Mgongoni kwa Mayunga, mpini ukavunjika.

Adolfu akatia vidole mdomoni, akapiga mluzi.

Wakaingia kwa mlango wa nyuma. Wanne. Mbele yao Teodori, ambaye alichimba kaburi la Yusto kwa mikono yake na kukataa kupokewa jembe. Hawakuuliza kitu. Kirungu cha kwanza kilimpata Mayunga begani, nikasikia mfupa. Cha pili mbavuni. Cha tatu sikuona kilipoingia, niliona tu mume wangu amejikunja na kufunika kichwa.

"Siyo yeye!" nililia. "Teodori, acheni! Siyo yeye!"

Teodori alinigeukia, anahema. "Dada Evodia, si wewe uliyesema habari ya shuka?"

Virungu vikasimama.

Mama aliinuka kwa kiwiko, damu inamdondoka kidevuni. "Shuka gani?"

Mnataka nieleze jinsi mtu anavyojisikia pale? Mume wangu aliondoa mikono usoni akanitazama. Jicho moja lilikwisha fumba. Lile lingine lilinielewa lote, kuanzia pikipiki mpaka mwaliko, na halikunitukana. Heri lingenitukana.

"Nilifua shuka lake, mama. Alfajiri ile. Lilikuwa na damu. Nikamwambia Adolfu. Leo nimemleta hapa ili... nimemleta hapa."

"Mayunga," mama akasema. "Damu ile ya nani?"

"Ya Yusto."

Teodori akainua kirungu. Mama akainua kidole, na kirungu kikangoja.

"Nilitoka kuwaangalia ng'ombe," Mayunga alisema, akitema damu kila baada ya maneno mawili. "Nikasikia mtu anakoroma shambani. Nikamkuta. Alikuwa hai, mama. Nikambeba mgongoni nimpeleke zahanati. Akanifia njiani. Nikamrudisha, nikamlaza pale pale. Mfugaji akutwe na maiti ya mkulima, nani angenisikiliza?"

"Alikuwa hai," mama akarudia. "Alisema neno?"

Mayunga aligeuzia uso ukutani.

"Mkwe. Alisema nini?"

"Niache, mama. Umezika mmoja. Nikisema, utabaki na nani?"

Msomaji, mtu huyo alikuwa na jina mdomoni miezi minne. Angelitamka siku ya kwanza akawa salama. Alilimeza kwa ajili ya mama yangu. Na mimi ndiye niliyempeleka kwa mwenye jina.

"Mimi ni mama yake Yusto," mama alisema. "Aliloliacha ni langu. Nipe."

Mayunga alifumba lile jicho lililobaki. "Alisema, 'Kaka. Shamba la baba, nimemkatalia asiuze.' Akarudia, kaka. Basi."

"Mwongo!" Adolfu alifoka kutoka kwenye kona, anajifuta pilipili kwa mkono wa koti. "Maiti haina shahidi! Teodori, mnamsikiliza huyu? Mpigeni!"

Teodori hakupiga. Hakushusha kirungu pia. Alikuwa anamtazama mama.

Mama aliburuta goti mpaka kwenye ubao ulioanguka. Vipande vilikuwa vimetapakaa sakafuni, vingine kifudifudi. Akamwelekeza Teodori kwa kidole. "Wewe ulimpenda mwanangu. Kula."

Teodori aliinama, akaokota kipande na vumbi lake, akakitia mdomoni. Alitafuna huku machozi yanamtoka. Wa pili akaokota. Wa tatu. Wa nne, kijana wa Muze ambaye hata jina lake silijui, alikula magoti chini.

"Mkwe wangu alikula. Mimi nimekula. Evodia kala, mtoto kala. Ninyi mmekula." Mama alipumua. "Amebaki nani?"

Tukageuka wote.

Kona ilikuwa tupu. Adolfu alikuwa kwenye mlango wa jikoni, mgongo kwenye tanuri, na mkononi alikuwa na mwanangu. Mkono mmoja umembana Monika kifuani. Mwingine umeshika ile shingo ya chupa, ncha yake chini ya sikio la mtoto.

"Mtu asisogee."

"Kaka."

"Asisogee mtu! Teodori, rudi nyuma!"

Monika hakulia. Alikuwa ananitazama mimi, anangoja nimwambie huu ni mchezo gani.

"Kaka, huyo ni mtoto. Ulimsimamia wewe. Wewe ndiye baba yake wa ubatizo."

"Nisingependa kumuumiza," Adolfu alisema, na sauti yake ilikuwa imetulia, hilo ndilo lililonitisha kuliko chupa. "Waambie ukweli, Evodia."

"Ukweli upi?"

"Ule ulionieleza mimi. Nani alimuua Yusto? Waambie vijana. Wakishamaliza kazi iliyowaleta, mtoto utampata. Ukisema jina lingine..." Alisogeza mkono. Tone la damu likatoka chini ya sikio la Monika, likateremka mpaka kwenye kola ya gauni la misa.

Nimejiuliza mara nyingi kama palikuwa na neno lingine. Mama wa Mpanda, wewe uliyenipigia, labda ungelipata. Mimi sikulipata.

Nilimtazama mume wangu. Bega limelegea, taya iko wazi, shati jipya lote jekundu. Alitikisa kichwa kidogo sana, juu na chini. Akaniruhusu.

"Ni Mayunga," nikasema. "Mume wangu ndiye aliyemuua Yusto."

"Kwa nguvu, wasikie."

"Ni Mayunga!"

Teodori alinikodolea macho. "Dada, sasa hivi umesema..."

"Mke wangu hasemi uongo," Mayunga akamkatiza. Alijiinua akapiga magoti katikati ya vile vipande, akaweka mikono mapajani. "Ni mimi. Nilikula kwa sababu simwogopi Mungu wenu. Fanyeni upesi, mtoto asione."

Mpishi alianza kulia kwa sauti. Wale vijana wakatazamana. Walikuja kumuua mtu huyu, na mtu huyu amekiri kwa kinywa chake, na mkewe kamtaja mara mbili. Ingekuwa rahisi. Teodori alishika kirungu kwa mikono yote miwili.

"Nimesema, kaka," nikaenda mbele, mikono nimenyoosha. "Nimesema yote. Nipe mwanangu."

Adolfu hakulegeza mkono. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama mama, aliyekaa sakafuni na kitenge chake kimelowa.

"Bado mama," akasema. "Mama naye aseme ni Mayunga. Teodori hapigi bila neno la mama, namjua."

Ikawa kweli. Kirungu kilikuwa juu, na Teodori anamngoja mama.

"Mama," nililia, "sema. Nakuomba, mama, sema tu, ni neno tu, baadaye tutalifuta."

Mama alifuta mdomo kwa upindo wa kitenge. Alimtazama Adolfu, akamtazama mtoto mkononi mwake, akamtazama mtu aliyepiga magoti.

"Mimi sisemi," akasema. Yaliyofuata nitawaeleza Jumamosi ijayo.